Chonga na Dundu wa Samadi: Jamaa Wawili, Riziki Mbili

Hakuna nyumba ya Pwani isiyouhitaji mnazi. Tui la mbaazi za asubuhi, samaki wa kupaka, wali wa nazi, mkate wa kumimina, vyote hutoka kwake. Makuti yake huezeka paa, chelewa zake hufagia ua, makumbi yake hutoa kamba, na vifuu vyake huwasha moto au huchongwa upawa. Katika mirathi za watu wa Pwani minazi huhesabiwa mmoja mmoja, na mara nyingi mwenye ardhi huwa mtu mbali na mwenye minazi mtu mbali. Mama mjane aliyerithi minazi kumi ana ada ya shule na kitoweo cha mwezi. Ikifa mitatu, pengo huonekana jikoni kabla ya kuonekana shambani.

Miongoni mwa maadui wakubwa wa mti huu ni mdudu mweusi, mnene, mwenye pembe, ambaye watu wengi humjua kwa jina la chonga. Lakini yuko jamaa yake, mweusi vilevile, mnene vilevile, aliye katika ukoo mmoja naye, ambaye maisha yake yote ni kutufagilia ardhi. Huyu ni dundu wa samadi, yule aviringishaye tonge la mavi ya ng'ombe au ya tembo kwa miguu ya nyuma. Kwa kuwa hatuna desturi ya kuwatenganisha wadudu hawa, wote wawili huishia chini ya kandambili. Makala haya yanakusudia kuwaweka bega kwa bega, ili msomaji amjue kila mmoja kwa makazi yake, chakula chake na malezi yake, na ajue pia sisi wenyewe tunachangia nini katika madhara ya mmoja na manufaa ya mwingine.

Ukoo mmoja

Mbawakawa ndio kundi kubwa kupita yote katika ulimwengu wa wanyama. Wanasayansi wamekwisha kuwapa majina takriban spishi 400,000, kiasi cha robo ya spishi zote za wanyama zilizoelezwa hadi leo. Alama yao ni mabawa ya mbele yaliyogeuka kuwa magamba magumu, yanayofunika mabawa laini ya kurukia kama kifuniko kifunikavyo sanduku.

Chonga, kwa jina la kitaalamu Oryctes monoceros, na dundu wa samadi wa jamii ya Kheper, wote ni wa ukoo wa Scarabaeidae. Katika nchi yetu wapo madundu wa samadi wa aina nyingi. Hapa tutamchukua Kheper platynotus, anayepatikana katika nyika za Kenya, kwa kuwa maisha yake yamechunguzwa kwa makini. Wote wawili wana umbo la mviringo, miguu yenye meno kama msumeno kwa ajili ya kuchimbia, na vipapasio vinavyofunguka nchani kama kurasa za kitabu. Watoto wao ni mabuu meupe, manono, yaliyojikunja kama herufi C.

Wengine hudhani kwamba pembe yatosha kuwatofautisha. Haitoshi. Ni kweli kwamba Kheper hana pembe, na kwamba chonga dume ana pembe moja iliyopinda kurudi nyuma juu ya pua. Lakini chonga jike pembe yake ni fupi, na wapo madundu wengine wa samadi wenye pembe zao. Anayetaka kuwajua hawa na atazame kwanza mahali mdudu alipo na kile anachokila.

Chonga: juu usiku, ndani ya gogo utotoni

Chonga mzima ana urefu wa sentimita 3 hadi 5. Mchana hujificha. Usiku huruka hadi kwenye kilele cha mnazi, akaingia katikati ya mashina ya makuti na kutoboa kuelekea moyo wa mti, mahali ambapo makuti mapya bado yamekunjwa, laini na yenye maji. Hapo hutafuna nyuzi, akafyonza utomvu wake, na kuyasukuma nje machicha. Mwenye shamba akiona tundu penye shina la kuti na machicha mabichi yakining'inia, basi na ajue kuwa mgeni yumo ndani.

Dalili nyingine hujitokeza baadaye. Kwa kuwa chonga hulitoboa kuti likiwa bado limekunjwa, likija kufunguka huonekana limekatwa kwa pembetatu, kama karatasi iliyokunjwa kisha ikakatwa kwa mkasi. Makuti ya namna hiyo ni ushahidi wa jeraha lililopita, kwani mkataji aweza kuwa amekwisha kuhama zamani.

Uzito wa jambo hili unatokana na umbile la mnazi wenyewe. Mwembe ukikatwa tawi huchipua jingine. Mnazi una moyo mmoja tu, nao uko kileleni. Ukifikiwa na chonga na kuharibika, hakuna pa kuchipua tena. Mti mkubwa huweza kustahimili, ingawa makuti yake hupungua na mazao hushuka. Mche wa mwaka mmoja, miwili au mitatu hufa. Hasara hiyo si ya siku moja, kwa maana mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huchukua miaka ipatayo sita au saba kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo kadhaa. Anayepoteza mche amepoteza riziki ya wajukuu. Juu ya hayo, kidonda anachokiacha chonga humwita fukusi mkubwa wa minazi, Rhynchophorus phoenicis, ambaye huja kutaga hapo, na mabuu yake humaliza kazi aliyoianza mwenziwe.

Sasa na tumtazame chonga utotoni mwake, kwani hapo ndipo penye siri. Buu la chonga haligusi mnazi ulio hai. Jike hutaga mayai ndani ya mnazi uliokufa ukiwa umesimama, ndani ya gogo lililoanguka likaoza, ndani ya kisiki, au katika rundo la samadi na takataka lililosahauliwa. Buu hula ubao uliooza, likisaidiwa na vijidudu vya tumboni mwake vinavyomeng'enya kile ambacho wanyama wengi hawakiwezi. Hukaa humo kwa miezi, likinenepa polepole, kisha hujijengea kijumba na kutoka humo likiwa na mbawa na pembe. Kwa maneno mengine, adui anayeua mnazi mchanga wa leo alilelewa ndani ya mnazi mkongwe uliokufa jana na ambao hakuna aliyeuondoa.

Dundu wa samadi: ardhini, mchana wa nyika

Nyuma ya ukanda wa minazi, upande wa bara, ardhi hukauka na kuwa nyika ya majani na miti mifupi. Huko ndiko kwenye malisho ya ng'ombe, na mbele zaidi, Tsavo, ndiko kwenye tembo. Dundu wa samadi hana haja na mnazi. Yeye hufuata harufu ya kinyesi kibichi, na hufika haraka ya ajabu. Huko Tsavo watafiti waliwahi kuhesabu madundu wapatao 16,000 waliokusanyika juu ya rundo la kinyesi cha tembo lenye kilo moja na nusu, na katika muda wa saa mbili rundo lote lilikuwa limetoweka.

Haraka hiyo ina sababu. Dundu mzima hali kinyesi kwa kutafuna. Kinywa chake ni laini, kimeumbwa kuchuja maji mazito yenye chembe ndogondogo za lishe. Kinyesi kikikauka, chakula chake kimekwisha. Ndiyo maana hushindana. Katika miaka ya 1970, wanasayansi Bernd Heinrich na George Bartholomew walichunguza madundu wa Kenya na kuona kuwa baadhi yao hupasha misuli joto kabla ya kazi, hadi mwili ukapita nyuzi 40 za Selsiasi. Aliye na joto zaidi hukimbia zaidi na hushinda ugomvi wa kugombania tonge.

Akishapata tonge lake, huliviringisha kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, akitembea kinyumenyume katika mstari ulionyooka ili awakimbie wezi. Hujuaje njia, ilhali haoni aendako? Hutazama mbingu. Mwaka wa 2013 Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, pamoja na wenzake, walitangaza kuwa aina moja ya dundu wa Afrika Kusini huongozwa usiku na ukanda mweupe wa nyota uitwao Njia ya Maziwa. Waliwavisha baadhi ya madundu kofia ndogo za karatasi ngumu ili wasione juu, nao wakapotea njia na kuzungukazunguka. Hadithi hii yafaa kusimuliwa watoto kabla ya kulala, nayo ni ya kweli.

Wawili katika mizani

Tukiwapima pamoja, twaona jambo la kupendeza. Wakubwa wa pande zote mbili hupenda chakula cha majimaji: mmoja utomvu wa moyo wa mnazi, mwingine urojo wa kinyesi kibichi. Watoto wa pande zote mbili wana taya ngumu na hutafuna kilicho kikavu zaidi: mmoja ubao uliooza, mwingine ukuta wa tonge alimozaliwa. Na watoto wote wawili hula taka. Tofauti kubwa huja utu uzimani. Dundu akikua hubaki na taka, ilhali chonga akikua huiacha taka na kuuendea mti ulio hai.

Katika malezi pia wametengana. Chonga jike hutaga mayai yake kwenye gogo, akaondoka. Kila buu hujitegemea, na usalama wake ni lile gogo tu. Kheper jike huchimba chumba chini ya ardhi, hutengeneza matonge machache sana, na katika kila tonge huweka yai moja. Kisha hukaa nayo. Hulifinyanga tonge linapopasuka, huondoa ukungu unapoota, na hakuachi chumbani hadi watoto wakue. Mama huyu huzaa wachache mno katika maisha yake, na kila mtoto humgharimu majuma mengi ya ulinzi.

Tofauti hiyo ina maana kwetu. Mdudu azaaye wengi bila kulea huongezeka upesi penye nafasi. Mdudu azaaye wachache na kuwalea huchukua muda mrefu kurudi akishapunguzwa. Chonga hufaidi kila uzembe wetu. Dundu huumia kwa kila haraka yetu.

Nchi iliyomkosa dundu

Anayeuliza dundu ana faida gani na aitazame Australia. Wazungu walipeleka ng'ombe huko mwaka wa 1788. Madundu wa asili wa nchi ile walizoea kinyesi kidogo na kikavu cha kangaruu, nao hawakuweza kukabili marundo mazito na majimaji ya ng'ombe. Kinyesi kilikaa malishoni kwa miezi, majani chini yake yakafa, na nzi wakazaana humo hadi wakawa adha kwa watu na mifugo.

Mtaalamu wa wadudu mzaliwa wa Hungaria, George Bornemissza, alishauri kuwa dawa ya tatizo lile ni madundu waliozoea wanyama wakubwa. Kuanzia miaka ya 1960 taasisi ya utafiti ya Australia, CSIRO, ilianza kuleta spishi mbalimbali, nyingi zikitoka Afrika, na nyingi kati ya hizo zikaota mizizi huko. Nchi tajiri ililazimika kuagiza kutoka bara letu wafagiaji ambao sisi tunao bure.

Kazi yao ni nyingi. Wakizika kinyesi, rutuba huingia ardhini badala ya kupotea hewani kwa jua. Mashimo yao hupitisha hewa na maji ya mvua. Nzi hukosa pa kutagia, na mayai ya minyoo ya mifugo hupungua malishoni. Mbegu zilizomo kinyesini huzikwa pamoja nacho, nyingine zikaota.

Mkono wetu katika jambo hili

Wako wenye minazi ambao, wakiona kuti lililokatwa pembetatu, huwaza kwanza kununua sumu. Fedha hutoka na sumu hunyunyizwa kileleni, ilhali hatua hamsini kutoka hapo umesimama mnazi mkavu uliokufa kwa ukame mwaka juzi, usio na kilele, na ndani yake mabuu yananenepa. Mara nyingine mti ule haukukatwa kwa kuwa ni wa mirathi isiyogawanywa, na kila mrithi anamngoja mwenziwe atoe gharama. Chonga hawangoji warithi. Mnazi mmoja mfu usioguswa huwa chuo cha adui kwa minazi hai ya jirani wote, hata ya wale wasio na hisa katika mirathi ile.

Upande wa pili, dundu hupungukiwa bila kukusudiwa. Baadhi ya dawa za minyoo wanazopewa ng'ombe, hasa za jamii ya ivermektini, hutoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu kwa siku kadhaa au hata majuma. Mabuu ya dundu yanayolelewa katika kinyesi hicho hufa au hudumaa. Hakuna anayesema mifugo iachwe na minyoo. Linalosemwa ni kuwa dawa itolewe kwa mnyama anayehitaji, kwa kipimo na kwa ushauri wa daktari wa mifugo, badala ya kundi zima kupewa kwa mazoea.

Kadhalika, jinsi tunavyoishughulikia samadi huamua nani atakayefaidika nayo. Ikiwa mbichi na imetawanyika malishoni, ni karamu ya dundu na huishia kuwa mbolea ardhini. Ikirundikwa karibu na minazi na kusahauliwa hadi ioze, hugeuka kuwa kitanda cha chonga.

Ya kufanya nyumbani

Haya ni mambo ambayo familia yoyote yaweza kuyafanya, mengi yake bila gharama kubwa.

Kwanza, ondoeni minazi iliyokufa. Mti ukatwe mapema, gogo lipasuliwe na kukaushwa, litumike kwa boriti, nguzo au kuni. Kisiki king'olewe au kichomwe. Warithi wasiokubaliana juu ya kugawana walio hai na wakubaliane angaa juu ya kuondoa waliokufa.

Pili, pindueni marundo ya samadi na mboji mara kwa mara. Mabuu mazito yatakayofichuka wapewe kuku, nao hawatayabakisha. Hapa pana jambo la kuangalia: si kila buu ni la chonga. Liweke juu ya mahali pakavu palipo sawa. Likijipindua na kutambaa kwa mgongo, miguu ikiwa juu, basi huyo ni mtoto wa mbawakawa wa maua, naye hana haja na moyo wa mnazi wenu.

Tatu, ikagueni miche kila juma, hususan ile ya miaka mitatu ya kwanza. Likionekana tundu lenye machicha mabichi, waya mgumu uliopindwa ncha kama ndoana hutosha kumtoa chonga aliyemo. Waya uingizwe taratibu kwa kufuata tundu alilolichimba yeye, ili asije mtoaji akaujeruhi moyo kuliko mla moyo. Kwenye makwapa ya makuti ya mche unaweza kutiwa mchanga, kwani chonga huchukia kujipenyeza penye mchanga.

Nne, wenye mashamba makubwa na waulize maafisa wa kilimo kuhusu mitego ya harufu. Chonga dume hutoa harufu inayowaita wenzake, na tangu miaka ya 1990 wanakemia wameweza kuitengeneza. Ndoo yenye chambo hicho hukusanya chonga bila sumu kugusa mti wala chakula.

Tano, wafundisheni watoto kutazama kabla ya kukanyaga. Mdudu aliyepatikana akisukuma tonge njiani ana shughuli zake, na shughuli hizo ni zetu pia. Na aachwe apite.

Mwisho wa yote, wote wawili huyatafuta yale tuliyoyaacha nyuma yetu. Dundu akiyakuta, huyazika na ardhi ikapata nguvu. Chonga akiyakuta, huyafanya kambi ya kuushambulia mti unaotulisha. Hatuwezi kubadili tabia ya yeyote kati yao. Lililo mikononi mwetu ni lile gogo lililolala nyuma ya nyumba, nalo laweza kuondolewa kabla mvua za masika hazijaingia.